Maji Hufuata Mkondo: Jeni na Nyaya za Ubongo

Ndugu wazazi, walimu, na wenzangu wa fani ya afya, nawashukuru kwa kuja. Niliombwa nizungumzie ubongo na jeni, yaani maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya seli zetu. Nilipokaa kuandaa maneno haya sikuanza na vitabu. Nilianza na daftari.

Ni daftari la mvulana wa miaka saba. Mama yake alikuja nalo kliniki akaliweka mezani, akafungua ukurasa wa kwanza. Herufi zilikuwa zimesimama juu ya mstari, hesabu zimepangwa kwa safu, nadhifu kabisa. Akaendelea kufunua kurasa polepole bila kusema neno. Katikati ya daftari herufi zilianza kuteleza chini ya mstari. Kurasa chache mbele maneno yalikuwa yanagongana. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Acha uvivu."

Mtoto yule hakuwa mvivu. Alikuwa anaadhibiwa kwa kutosikia anapoitwa, na kweli alikuwa hasikii vizuri, ingawa masikio yake yalikuwa mazima. Sauti ilikuwa inaingia. Njia za kuipeleka ndani ya ubongo ndizo zilizokuwa zinaharibika, na pamoja nazo njia za kuona na za kuongoza mkono. Picha ya MRI, mashine inayotumia sumaku kupiga picha za ndani ya mwili, ilionyesha nyuma ya ubongo, kushoto na kulia, eneo linalong'aa mahali ambapo halipaswi kung'aa. Ugonjwa ule unaitwa adrenolukodistrofi. Ni wa kurithi.

Nilipomweleza mama hivyo, hakuuliza dawa. Aliuliza, "Daktari, kwa hiyo ni mimi niliyempa?" Baadaye ndipo nikajua kwamba nyumbani swali hilo lilikuwa limeshajibiwa bila daktari. Mama mkwe alikuwa amesema wazi kuwa upande wao hakujawahi kuwa na mtoto wa namna hiyo.

Leo nataka nilijibu swali la mama yule kwa kirefu, kwa sababu siku ile nililijibu kwa kifupi mno.

Tuanze na kilichoharibika. Ukiukata ubongo utaona rangi mbili. Juu kuna tabaka la kijivu lenye unene wa milimita chache. Chini yake kuna weupe. Nikiwa mwanafunzi, siku ya kwanza kushika kipande cha ubongo maabara, nilidhani weupe ule ni mafuta yaliyoganda, na sikuwa mbali na ukweli. Tabaka la kijivu ndiko zilikojazana seli za neva, na ndilo linalopewa sifa zote watu wanapozungumzia akili. Sehemu nyeupe ni nyaya. Kila seli ya neva ina mkia mrefu uitwao aksoni, unaopeleka ujumbe kwa seli nyingine iliyo mbali, na aksoni nyingi huviringishiwa utando wa mafuta na protini uitwao mayelini, tabaka juu ya tabaka. Jina mayelini lilitolewa mwaka 1854 na daktari Mjerumani Rudolf Virchow. Seli zinazofanya kazi hiyo ya kuviringisha ndani ya ubongo, oligodendrosaiti, zilielezwa mwaka 1921 na Mhispania Pío del Río Hortega. Seli moja tu huweza kuhudumia makumi ya vipande vya aksoni kwa wakati mmoja, kama mtu mwenye mikono mingi anayefunga bandeji kwa wagonjwa wengi.

Bila mayelini, ujumbe kwenye aksoni nyembamba hutembea kwa mita 2 kwa sekunde au pungufu. Kwenye neva nene zenye mayelini huweza kufikia mita 120 kwa sekunde. Umbali ambao wa kwanza angeutembea kwa dakika nzima, wa pili anaumaliza kwa sekunde moja. Na nyaya zenyewe ni nyingi kupita kiasi. Watafiti wa Denmark walizipima mwaka 2003, wakakadiria kuwa kijana wa kiume wa miaka 20 ana takriban kilomita 176,000 za nyuzi zenye mayelini kichwani mwake, na wa kike kilomita 149,000. Hiyo ni kama kuizunguka dunia mara nne. Kufikia miaka 80, karibu nusu imepotea. Mwendo huo wa kupotea haulingani kwa watu wote, na hapo ndipo jeni zinapoingia.

Tutajuaje hali ya nyaya za mtu aliye hai? Hatuwezi kumfungua kichwa. Jibu lilikuja kupitia maji.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Walikuwa wanasema juu ya watu, kwamba mtoto hufuata asili yake. Mimi kila nikiusikia msemo huo naona picha ya ubongo, kwa sababu mashine zetu hufanya kazi kwa ukweli huohuo. Ndani ya ubongo kuna maji kila mahali, na chembe zake hazitulii. Kwenye tone la maji lililo wazi, chembe hutawanyika pande zote sawasawa. Lakini zikiwa ndani ya kifungu cha aksoni zilizolala sambamba, zikabanwa na kuta na mayelini, hukwenda kwa urahisi kufuata urefu wa nyuzi na kwa shida kukatiza. Mwaka 1994 Peter Basser, James Mattiello na Denis Le Bihan walionyesha namna ya kuupima mwendo huo kwa MRI katika kila upande, na kuufanya kuwa hesabu. Kutokana na hesabu hiyo hupatikana namba kati ya 0 na 1. Karibu na 0, maji yanatawanyika ovyo. Karibu na 1, yanafuata mkondo mmoja. Namba hiyo haituelezi kila kitu, kwa sababu nyaya zinazopishana zinaweza kuishusha ilhali ni nzima kabisa, lakini imetuwezesha kulinganisha maelfu ya watu bila kumgusa mtu.

Ili kutafuta mchango wa jeni, watafiti waliwalinganisha mapacha. Mapacha wa kufanana wana karibu vinasaba vyote sawa, yaani maelekezo yaleyale ya kurithi. Mapacha wasiofanana wanashiriki wastani wa nusu, kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Wote wawili, kwa kawaida, wamelelewa nyumba moja, wakala chungu kimoja. Kwa hiyo kama nyaya za mapacha wa kufanana zinalingana kuliko za wale wasiofanana, tofauti hiyo inatuelekeza kwenye jeni. Na zinalingana kweli. Tafiti nyingi zimekuta kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 40 hadi 80 ya tofauti baina ya watu katika namba ile ya maji, kutegemea ni njia ipi ya ubongo inapimwa na watu wana umri gani.

Hapa naomba tusimame kidogo. Nimewahi kumsikia mtu mwenye elimu yake akisema, "Basi asilimia 60 ya akili ya mtoto imeshaamuliwa." Sivyo. Kwanza, tunapima nyaya, hatupimi akili. Pili, namba hiyo haimhusu mtoto mmoja mmoja. Inahusu tofauti zilizopo ndani ya kundi lililopimwa, katika mazingira ya kundi hilo. Wachukue watoto mia, wape wote chakula kizuri, wasome wote, waishi wote kwa amani. Tofauti zinazoletwa na mazingira zitapungua, kwa hiyo zinazobaki zitakuwa za jeni kwa sehemu kubwa, na asilimia ya urithi itapanda. Hakuna jeni hata moja iliyobadilika. Watoto wengine mia wakiwa nusu wanashiba na nusu wanalala njaa, asilimia hiyo itashuka. Anayeitumia namba hii kumkatia mtoto tamaa anaisoma kinyume.

Jeni zenyewe hufanya nini basi? Nyingine huongoza njia. Aksoni inapokua tumboni mwa mama hunusa njia yake, ikivutwa na kemikali fulani na kusukumwa na nyingine. Kuna jeni iitwayo DCC, inayotengeneza kipokezi cha mojawapo ya ishara hizo. Aliyezaliwa na hitilafu ya namna fulani kwenye jeni hiyo, baadhi ya nyaya zake zinazopaswa kuvuka katikati kwenda upande wa pili hazivuki sawasawa. Ukimwambia afunge na kufungua vidole vya mkono wa kulia, vya kushoto navyo vinafunga na kufungua bila yeye kutaka. Uhusiano huo na DCC uligunduliwa mwaka 2010. Ukikaa mbele ya mtu wa namna hiyo, ukatazama mikono miwili ikijibizana kama mtu na kioo, unaelewa kwamba jeni inaweza kuamua waya upite wapi.

Jeni nyingine hutengeneza mayelini yenyewe. Nyingine husafirisha kolesteroli, ambayo ni malighafi yake. Nyingine hutengeneza kile kilichopo baina ya seli. Katika tafiti kubwa, mojawapo ya ishara zenye nguvu zaidi ilionekana karibu na jeni ya VCAN, inayotengeneza protini ya nje ya seli. Tafiti hizo zilihitaji watu wengi sana. Uingereza, mradi wa UK Biobank uliandikisha watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2006 na 2010, na sehemu yao wamepigwa picha za ubongo. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa watu 43,802, ukitaja maeneo 109 ya vinasaba yanayohusiana na hali ya nyaya nyeupe. Baadhi ni yaleyale yanayohusishwa na kiharusi, sonona na skizofrenia. Kila eneo peke yake lina mchango mdogo mno. Hakuna jeni moja ya nyaya nzuri, na anayekuuzia kipimo cha kukuambia mwanao ana ubongo wa aina gani kwa kutazama hizo 109 anakula pesa yako.

Neno langu la masikitiko hapa ni moja. Wengi wa watu waliopimwa wana asili ya Ulaya. Watu wenye asili ya Afrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, na ndio waliopimwa kidogo. Kudai tunaijua ramani ya jeni za ubongo wa binadamu huku kurasa nyingi kiasi hicho hazijasomwa ni kujidanganya, na wanaoumia ni wagonjwa ambao matokeo yao ya maabara hurudi yakiwa na maneno "maana haijulikani".

Sasa turudi kwenye hofu ya wazazi, kwamba kilicho cha kurithi hakitibiki. Nitawapa kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1934, nchini Norway, mama mmoja alikuwa na watoto wawili waliozaliwa wazima kisha wakadumaa akili. Alikuwa ameshazunguka kwa madaktari, na hakuchoka kuuliza kwa nini watoto wake wana harufu ya ajabu. Mwishowe alifikishwa kwa Asbjørn Følling, daktari aliyekuwa pia mkemia. Følling akaudondoshea mkojo wa watoto kloridi ya chuma, akitegemea rangi iliyozoeleka. Mkojo ukageuka kijani. Alifuatilia kijani kile hadi akapata chanzo. Miili ya watoto haikuweza kuvunja fenilalanini, kiungo kimojawapo cha protini za chakula. Hiyo ndiyo fenilketonuria. Mtoto huipata akirithi nakala mbovu ya jeni moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Fenilalanini ikizidi huuharibu ubongo unaokua, na mayelini ni miongoni mwa vinavyoumia.

Ugonjwa huu ni wa jeni mwanzo hadi mwisho. Tiba yake ni chakula. Miaka ya 1950 Horst Bickel na wenzake walimpa mtoto mmoja mlo wenye fenilalanini kidogo, wakaona mabadiliko. Miaka ya 1960 Robert Guthrie akaleta kipimo cha tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, likikaushwa kwenye karatasi. Mtoto anayegunduliwa siku za mwanzo na kushika mlo wake hukua, husoma, huajiriwa, huoa au huolewa. Jeni ni ileile aliyozaliwa nayo. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua mapema. Nawaza sana juu ya mama yule. Kipimo kile, kwa kweli, kilianza na swali lake, na watoto wake hawakukifaidi.

Na hata pale jeni moja ina nguvu kubwa, haiandiki kila kitu. Ugonjwa wa mvulana wa daftari unatokana na jeni ya ABCD1, iliyotambuliwa mwaka 1993. Ikiharibika, mwili hushindwa kuvunja aina ya mafuta yenye mnyororo mrefu sana. Mafuta hayo hujilimbikiza. Lakini ni takriban mvulana mmoja kati ya watatu wenye hitilafu hiyo ambaye ubongo wake hushambuliwa utotoni. Wengine hukua, kisha wakaanza kukakamaa miguu wakiwa watu wazima. Ndugu wawili wenye hitilafu ileile wanaweza kuwa na maisha mawili tofauti kabisa. Kuna hata mapacha wa kufanana, walioelezwa kwenye majarida ya kitabibu, ambao hawakuugua kwa namna moja. Vinasaba sawa, nyumba moja, mikondo miwili.

Maisha nayo hugusa nyaya. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu kwa wiki sita. Namba ya maji ikabadilika kwenye weupe ulio chini ya eneo linalounganisha jicho na mkono. Miaka mitano baadaye, London, panya waliozuiwa kutengeneza mayelini mpya walishindwa kujifunza vizuri kukimbia kwenye gurudumu lenye vijiti visivyolingana. Walimu mliopo hapa, unapomrudisha mtoto kwenye herufi ileile mara ya ishirini, kuna kitu unachokigusa ndani kabisa. Na kwa watu wazima, shinikizo la damu ndilo adui ninayemuogopa zaidi, kwa sababu hutoboa weupe wa ubongo kimyakimya kwa miaka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba waliolengewa kushusha namba ya juu ya shinikizo hadi chini ya 120 walipata ongezeko dogo zaidi la madoa kwenye sehemu nyeupe kuliko waliolengewa chini ya 140. Ukiwa na wazazi wenye shinikizo, pima lako. Hiyo ndiyo faida ya kuijua asili yako.

Nirudi kwa mama wa daftari. ABCD1 iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya vifurushi vinavyobeba jeni. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana moja. Mvulana hupata X yake kwa mama, wala hana pengine pa kuipata. Kwa hiyo jibu la swali lake ni ndiyo, jeni ilipitia kwake. Ilipitia kwake bila yeye kuijua, kama ilivyopitia kwake rangi ya macho ya mtoto, na huenda yeye mwenyewe aliipata kwa baba yake. Baba mwenye hitilafu hiyo humpa kila binti yake na hampi mwana hata mmoja, kwa hiyo ukoo unaweza kukaa kizazi kizima ukidhani uko salama. Hakuna aliyekula kitu kibaya. Hakuna aliyekosea. Nilimwita mama mkwe naye, nikamchorea kromosomu kwenye karatasi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa siku ile: "Na mdogo wake?"

Kila mwana wa mama yule alikuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu. Mdogo wake, wa miaka minne, alikuwa nje kwenye benchi amepakatwa na shangazi yake, akila chumvi aliyoimwaga kiganjani. Alikuwa anapenda chumvi mno, wakasema, na fizi zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi kuliko zamani. Kwa ugonjwa huu hizo ni dalili ambazo daktari hazipuuzi, kwa sababu jeni hiyohiyo huharibu tezi zilizo juu ya figo. Tulichukua damu. Mafuta yale marefu yalikuwa juu, na kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi hizo, ilikuwa chini. Picha ya ubongo wake ilikuwa safi.

Kaka yake tulimpata tukiwa tumechelewa. Kupandikizwa uboho husaidia pale uharibifu unapoanza tu, na wake ulikuwa umekwenda mbali. Siwezi kusimama mbele yenu nikalificha hilo.

Mdogo anameza kila siku vidonge vya hidrokotisoni, vya kufidia homoni ile inayopungua, na kila miezi sita analala ndani ya mashine tukitazama kama weupe umeguswa, ili tukiona doa la kwanza tuwahi. Nilimwandikia mama yake karatasi ya kuonyesha kituo chochote cha afya watakachofika: mtoto huyu akipata homa au akitapika, dozi yake iongezwe mara moja, na akishindwa kumeza achomwe sindano, asisubirishwe foleni. Mara ya mwisho walipokuja nilimwomba anionyeshe kama bado anayo. Akatoa lile daftari kwenye mkoba, na karatasi ilikuwa ndani, kwenye ukurasa wa kwanza.

Asanteni. Nipo kwa maswali.